Livre ya Bukari

Nilienda kutafuta bati ku depo ya vyuma vya zamani. Fundi alishawasha moto akate grupe ya umeme ya kizee, ile yenye trakta inazungusha. Papa mumoja wa Kipushi akafika mbio, akaweka mukono juu ya gurudumu yake ya meno.

"Papa, toa mukono!" fundi akasema. "Kamyo ya kubeba vyuma inangojea."

"Ngoja, baba. Gurudumu ya grupe yetu ya hospitali ilibunjika. Bamama banazalia mu giza."

"Sawa na hii? Uko na livre yake, kitabu ya vipimo?"

"Livre ilipotea zamani."

Akafungula kitambala. Mulikuwa bukari, ugali ya kukauka! Aliifinya ikingali laini ku meno ya gurudumu yao yenye ilibakia muzima. Akaikandamiza polepole ku gurudumu ya hii grupe. Meno yote ikaingia.

Fundi akazima moto. "Papa, bibi yako anapikaka bukari nguvu!"

Papa akaifunga tena muzuri. Sasa grupe ya Kipushi iko na livre yake.