Watu Watatu kwenye Waifai Moja

Sina uvumilivu na mtu anayelalamika kwamba intaneti imejaa uongo, kisha anatia simu mfukoni na kwenda zake. Nimekaa na watu wasiolalamika, wanaosafisha. Mmoja wao ni muuza vipuri vya magari hapa Sumbawanga mjini, mtu mzima mwenye wajukuu. Mji mzima unamwita Alhaji. Kama yupo mtu wa kumheshimu kuliko yeye katika kazi hii, mimi bado sijakutana naye.

Kazi yenyewe haina mshahara. Kuna kamusi elezo ya Kiswahili mtandaoni, ile ambayo yeyote anaisoma bure na yeyote anaruhusiwa kuiandika, na sisi tulijitwisha makala za kompyuta. Mimi nafundisha somo hilo sekondari, kwa hiyo niliingia kwa kujihami: wanafunzi wangu walikuwa wanakopi makosa humo na kuniletea kama majibu. Alhaji aliingia kwa hasira. Alinunua kompyuta ya kuhesabia mali dukani, akataka kujua ndani yake kuna nini, akafungua makala husika na kukuta, katikati ya maelezo ya kichakataji, tangazo la mtu anayeuza viwanja.

"Nikasema huyu hana adabu," aliniambia. "Nikalifuta. Kesho yake nikaenda kuangalia kama limerudi. Lilikuwa limerudi."

Basi akanasa. Tangu hapo hajaacha.

Wa tatu wetu anauza dawa za mifugo. Wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Usukumani, na japo yeye si ofisa wa serikali, sisi tunamwita Bwana Mifugo na yeye anaitika. Ni mcheshi, anaandika upesi, na alama za vituo kwake ni anasa. Jumamosi baada ya swala ya alasiri tulikuwa tunakutana nyuma ya duka la Alhaji, kati ya rafu za filta na mikanda ya injini, mlango tumeurudisha kwa sababu ya upepo, kila mtu na kompyuta yake au simu yake, wote tumeunganishwa kwenye waifai ya duka. Chai ilitoka kwa mke wa Alhaji, na chapati, na maneno yake kwamba mume wake amepata kazi ya pili isiyolipa.

Watu wakisikia tunahariri makala hudhani tunatunga. Kutunga ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kama kupalilia maharage: unamaliza huku, kule kumeshaota. Mtu ameandika kwenye makala ya lugha za programu kwamba yeye ndiye mkali wa kompyuta Mbeya nzima. Chuo fulani kimejipachika mahali pa sifa. Kiungo cha rejeo kimekufa. Makala inasema toleo fulani la programu ni "jipya kabisa", na toleo lenyewe limeshasahauliwa hata na waliolitengeneza. Alhaji alikuwa na ugomvi binafsi na maneno "kwa sasa". Alikuwa anayatafuta makala kwa makala na kuyang'oa. "Kwa sasa ya nani?" alikuwa anauliza, ananiangalia mimi kana kwamba nimeyaandika.

Jina alilojisajilia lilikuwa la marehemu baba yake, aliyelianzisha lile duka. Alituambia mara moja tu, bila kurefusha: mzee wake hakusoma, na yeye alitaka jina hilo lionekane mahali penye maarifa. Hatukulizungumzia tena. Lakini kila nilipofungua historia ya ukurasa wowote wa kompyuta, yaani orodha ya waliouhariri, na kuliona limejipanga pale, safu kwa safu, nilisikia fahari ambayo haikuwa yangu hata kidogo.

Matatizo yalianza kwenye makala ya hifadhi rudufu, yaani ile nakala ya akiba unayoiweka mbali ili kompyuta ikifa usife nayo. Makala ilikuwa fupi, mtu akapendekeza ifutwe. Alhaji akafungua hoja ya kuitetea kwenye ukurasa wa majadiliano. Hoja ilikuwa nzuri. Na sisi tukafanya kile tunachofanya siku zote huku kwetu, kikao cha harusi, cha msiba, cha kamati ya shule: mkubwa akishasema jambo la maana, wengine hamuanzi kujitutumua na maneno yenu, mnasema naunga mkono na kikao kinasonga. Nikaandika: "Naunga mkono hoja." Bwana Mifugo, chapati mkononi, akaandika: "Naunga mkono hoja." Tukanywa chai.

Sasa jiweke mahali pa mtu aliye mbali, asiyetujua. Anaona majina matatu, yote ya wapenda kompyuta, yote yanatokea Jumamosi alasiri, yanasema neno lilelile kwa kufuatana, na wenye ruhusa ya kuangalia wanamwambia yote yametoka kwenye mtandao mmoja. Katika kamusi elezo hilo ni kosa kubwa: mtu mmoja anayejifanya wengi ili ashinde kura. Msimamizi mmoja, wao huitwa wakabidhi, akalifungia jina la Alhaji wakati uchunguzi unaendelea, maana ndilo lililokuwa kongwe na ndilo lililofungua hoja. Mimi na Bwana Mifugo tukaachwa chini ya uangalizi, tukishukiwa kuwa vivuli vyake. Ikithibitika, jina lile lingefungiwa moja kwa moja, na tangazo la udanganyifu lingebaki juu ya ukurasa wake.

Juu ya jina la baba yake. Nilipouona mstari mwekundu wa kutangaza kwamba amefungiwa, nilipandwa na hasira ya kutosha kuchemshia chai ya sisi wote.

Nilimwandikia mkabidhi kwamba sisi ni watu watatu tofauti. Akanijibu kwa upole kwamba hivyo ndivyo wanavyosema wote. Na kwa kweli, mtu mmoja mwenye majina matatu angeandika nini kingine?

Bwana Mifugo akaja na mipango. "Alhaji, tupige picha watatu tukiwa dukani, tuitume."

"Picha ya watu watatu inaonyesha kwamba duniani kuna watu watatu," Alhaji akasema. "Haionyeshi nani ameandika nini."

"Basi hii nyingine. Wewe si unapeleka mzigo Kipili? Ukifika kule ingia kwa mtandao wa kule, fungua jina jipya, kazi iendelee. Nani atajua?"

Alhaji alikuwa anapanga plagi kwenye boksi. Hakuinua macho. "Nimwache mzee wangu amefungwa, mimi nitoke kwa mlango wa nyuma?"

Bwana Mifugo akasema samahani Alhaji, na alimaanisha.

Mtu aliyefungiwa huachiwa ukurasa mmoja tu wa kuandikia, ukurasa wake mwenyewe, ili akate rufaa. Nikawa naufungua kila ninapopata nafasi, hata katikati ya kusahihisha madaftari, nikitarajia kukuta ametetea jina. Hakutetea. Aliandika sentensi moja kwamba yeye ni mtu mmoja na wenzake ni wengine, kisha akaendelea na kazi. "Kwa yeyote mwenye nafasi: makala ya diski kuu, kiungo cha pili kimekufa." "Makala ya barua pepe imerudishiwa tangazo la viwanja." "Makala ya kichapishi, kuna 'kwa sasa' mbili." Amefungiwa, anatuhumiwa udanganyifu, na anaomba watu asiowajua wapalilie badala yake. Na watu asiowajua wakaanza kupalilia, mmoja leo, mwingine kesho, kwenye kurasa ambazo sisi hatukuthubutu kuzigusa tusije tukaonekana mikono yake. Nilisoma yale maombi nikajisemea huyu mtu amezidi. Nampenda, nasema wazi.

Mapenzi hayo ndiyo yaliyoniponza. Mimi na Alhaji tulikuwa na ugomvi mrefu juu ya makala ya nywila, hizi tunazoziita paswedi. Yeye aliandika humo aya nzuri sana kwamba katika familia na maduka mengi nywila moja hujulikana na nyumba nzima, na kwamba huo si uzembe siku zote, mara nyingine ndiyo namna watu wanavyoaminiana. Nikaifuta. Akairudisha. Nikamuuliza nani kasema. Akajibu kwamba yeye amesema, na mke wake, na kila duka la barabara ile. Nikamwandikia kwamba yeye si chanzo. Akaniandikia kwamba mwalimu ana kiburi cha chaki. Tulikwenda hivyo tangu mvua za mwaka jana, kwa herufi zisizo na simile, huku Jumamosi tunapitishiana sukari na hakuna anayegusia. Mwisho aya ilibaki nje, maana kanuni, kwamba kila dai liwe na chanzo kilichochapishwa, ilikuwa upande wangu.

Basi siku moja, naye bado amefungiwa, nikaingia kwenye makala ile na kuirudisha aya yake. Nilitaka aione. Nilitaka apate kitu cha kumfurahisha.

Mkabidhi akaiona kwanza. Akaandika kwenye ukurasa wa Alhaji kwamba inasikitisha: jina linaloshukiwa kuwa kivuli limerudisha maandishi ya aliyefungiwa, jambo linaloongeza uzito wa shaka, na uamuzi utatolewa karibuni. Huruma yangu ilikuwa imemkamilishia ushahidi. Nikatoka shuleni mbio kwenda dukani kumwambia, nikamkuta kaunta na miwani yake puani, anachapa kwa vidole viwili.

"Shikamoo Alhaji."

"Marahaba, mwalimu. Kaa kwanza, nakuandika."

Aliyoandika yapo hadi leo, mtu yeyote anaweza kuyasoma:

"Ndugu mkabidhi, amani iwe kwako. Leo mwalimu amerudisha aya yangu kwenye makala ya nywila. Mimi na yeye tumebishana juu ya aya hiyo kwa muda mrefu, na maneno yote yapo kwenye ukurasa wa majadiliano, yasome mwenyewe. Yeye hajabadilisha mawazo. Amenionea huruma. Aya haikuwa na chanzo jana na haina leo, na mimi kufungiwa si chanzo. Naomba uiondoe, maana mkono wangu haufiki."

Nikasoma juu ya bega lake. Nilitaka kumwambia asitume. Aya ile aliipenda, na hakukuwa na aliyeomba aitoe. Akabonyeza, akavua miwani, akaniuliza kama wanafunzi wameanza mitihani.

Mkabidhi akaiondoa aya saa ileile. Baada ya hapo tukabaki kusubiri uamuzi. Bwana Mifugo akawa anapita dukani kila jioni akijidai anatafuta bolti. Kisha jibu likaja. Mkabidhi alisema ameusoma ugomvi wa nywila kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na kiburi cha chaki, na kwamba hajawahi kuona mtu anayeweza kujikasirikia mwenyewe kwa ustadi kiasi kile. Alisema anaomba radhi. Alituomba tuandike wazi kwenye kurasa zetu kwamba tunatumia mtandao mmoja, na tukikubaliana na mtu kila mmoja atoe sababu yake kwa maneno yake. Ule mstari mwekundu ukaondoka juu ya jina la yule mzee. Nampa mkabidhi heshima yake: naye halipwi, na alikubali kusoma kurasa zote zile za watu wawili wakaidi.

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema na mandazi, nikidhani tutasherehekea. Mke wa Alhaji alinikaribisha kwa vigelegele vya utani. Bwana Mifugo alikuwa ameshakaa, anatabasamu kama mtu anayejua jambo. Alhaji hakuinuka. Aliniashiria tu niwashe kompyuta yangu.

Kwenye ukurasa wa majadiliano wa nywila kulikuwa na ujumbe mpya, chini yake jina la baba yake: "Mwalimu, nimefunguliwa. Tuendelee tulipoishia. Hujaniridhisha hata kidogo, na kiburi kile bado unacho."

Nilishindwa kujizuia, nikalia palepale katikati ya filta na mikanda, na yeye akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Kisha nikafuta uso kwa ncha ya kitenge, nikavuta kiti karibu na meza, nikamwandikia kwamba bado amekosea, na sababu ni hizi.