Maiki ya Kunong'onea Jina

Katika ukoo wa Ochwo wa Nabuyoga, mtoto hapewi jina kwa kelele. Babu mzaa baba huinama, hukinga sikio la mtoto kwa kiganja, kisha hulinong'ona jina mara tatu. Mtoto ndiye wa kwanza kulisikia. Wa pili ni mama yake, naye ndiye hulitamka kwa sauti ili watu wote walijue. Yote hayo hufanyika kabla kitovu hakijadondoka. Kikidondoka babu akiwa kimya, upande wa mama hutoa jina lao, na hakuna ruhusa ya kununa.

Ochwo, fundi wa baiskeli na pikipiki wa miaka hamsini na mbili, alikuwa amepata mjukuu wake wa kwanza. Jina alikuwa nalo tayari. Lilikuwa la mama yake mzazi, na tangu siku ya mazishi hakuna mtu pale nyumbani aliyeitwa hivyo. Tabu ni kwamba mjukuu mwenyewe alikuwa Ayalandi, ambako mwanawe Edgar anafanya kazi ya uuguzi.

Mtoto alipofika siku ya tatu, Edgar alipiga simu ya video, akaisogeza hadi sikioni mwa mtoto. Ochwo akanong'ona.

"Baba, mbona kimya?"

"Nimesema."

"Hatukusikia kitu. Ongeza sauti!"

Angeiongezaje? Nyuma ya Edgar aliwaona wageni watatu wamekaa na vikombe vya chai. Jina lingefika kwa wanywa chai kabla ya mwenyewe. Isitoshe, hata sauti yake ya kawaida ilikuwa ndogo. Wateja wake walizoea kusogeza sikio kama watu wanaokopa siri.

Jioni hiyo salamu zikamfikia kutoka Masafu kwa Proscovia, mama mzazi wa Shallon, mkewe Edgar. "Mwambieni mzazi mwenzangu asijisumbue," alisema. "Jina letu liko tayari, tena letu halihitaji kunong'onwa."

Asubuhi Ochwo alifunga kibanda chake, akaenda Busia.

Duka la Zubaida lilitazama barabara ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Kenya. Aliuza simu na vikorokoro vyake vyote, na sauti yake ilivuka barabara bila kulipa ushuru.

"Karibu, mzee! Tukupe nini?"

Ochwo akasema.

"Mzee, unaongea au unapumua?"

Akasema tena. Zubaida aliinama juu ya meza, akasikia, akapiga makofi. "Maiki! Mbona hukusema mapema? Hapa umefika."

Akazipanga mezani. Moja ilikuwa nene kama gunzi la mahindi, imesimama juu ya miguu mitatu. Nyingine ilikuwa imefungwa kwenye kijiti mbele ya mdomo, pamoja na visikizi vya kuvaa kichwani. Ya tatu ilikuwa ndogo kama punje ya haragwe, ya kubana kwenye kola, na waya wake mrefu. Ochwo alisahau haya zake. Aliigusa moja, akaigeuza nyingine, akachungulia ndani ya matundu.

"Hii kwa nini imevaa manyoya?"

"Ni ya upepo. Ukiwa nje, upepo unashikwa na manyoya, sauti yako inapita."

"Na hii nene, sikio lake liko wapi? Mbele au juu?"

Zubaida akaitazama maiki upya. Miaka minne alikuwa akiziuza, na hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Waligeuza karatasi ya maelezo pamoja, wakasoma, wakakuta sikio liko ubavuni.

"Tuijaribu basi," Zubaida akasema. "Sema jina."

"Jina hapana."

"Sema chochote. Salimia ng'ombe wako."

Ochwo alimnong'onea fahali wake, Waziri, kwenye ile nene. Zubaida akabonyeza, na spika kubwa ya mlangoni ikatoa breki za lori, jogoo, na mwanamke aliyekuwa akibishania bei ya nyanya. Waziri hakusikika hata kidogo.

"Hiyo inasikia dunia nzima," Ochwo akasema.

"Ndiyo nzuri! Ya mapadri na masheikh wanaohubiri mtandaoni."

"Lakini wao hukaa kwenye chumba kimya."

Akakumbuka anavyofanya akiwa na gurudumu lenye golori mbovu. Huweka ncha ya bisibisi kwenye ekseli na mpini wake sikioni, kisha anazungusha. Hata soko liwe linapiga kelele, golori iliyovunjika humwambia yenyewe. Bisibisi haina nguvu yoyote. Inachofanya ni kugusa karibu tu.

"Nipe ile haragwe," akasema.

Aliibana kwenye kola, akainua kola hadi karibu na midomo, akanong'ona. Spika ya mlangoni ikanguruma: "Waziri... Waziri... njoo ule." Utingo mmoja wa lori akaingiza kichwa dukani. "Waziri anakuja kula hapa? Basi tutengenezewe barabara!"

Zubaida alicheka mpaka akajishika mbavu. Ochwo alitazama viatu vyake, lakini alikuwa amechagua.

"Jambo moja, mzee," Zubaida akasema akifunga kipakiti. "Ukipiga video, simu yenyewe inafuta vitu vidogo. Feni, upepo, yote inafuta. Mnong'ono wako nao inaweza kuuona takataka. Afadhali urekodi, umtumie."

"Jina si salamu za redio, binti yangu. Linatoka kinywani, linaingia sikioni."

"Haya. Mimi nimesema."

Siku ya tano walijaribu kwa video. Edgar alitazama ukuta, asiibe jina kwa kusoma midomo. Ochwo alinong'ona mara tatu, maiki ikiwa kolani.

"Tayari, Baba? Hapa simu ilikuwa kimya kabisa. Hata pumzi hatukuisikia." Kisha Edgar akashusha sauti. "Nisikufiche. Kitovu kinaning'inia kwa uzi tu. Mama Proscovia anapiga kila saa."

Ochwo alikaa kwenye kigoda cha kibanda chake. Video ilikuwa inafuta, kama Zubaida alivyosema. Je, jina lililorekodiwa ni jina? Alifikiria bisibisi tena. Mlio wa golori hupita kwenye chuma chote kile kabla haujamfikia, na hajawahi kusema kwamba ni mlio wa bisibisi.

Akachomeka maiki, akarekodi, akasikiliza. Kulikuwa na mkwaruzo tu, kama panya ndani ya gunia. Akarudia. Panya yuleyule. Ajabu! Dukani fahali alisikika wazi, sasa kumeharibika nini? Akarekodi tena, safari hii akijitazama kwenye kioo cha pikipiki iliyokuwa ikisubiri ufundi, na hapo akajiona. Kila alipoanza kulitaja jina, mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe na kuifunika maiki kwa kiganja. Alikuwa akikinga sikio la mtoto! Waziri hakukingwa kwa sababu ng'ombe hana desturi hiyo.

Alicheka peke yake. Kisha akaukalia mkono wa kulia, akaisogeza kola, akanong'ona mara tatu. Aliposikiliza, alishtuka. Hakuwahi kuisikia sauti yake ikiwa karibu hivyo. Ilikuwa ndogo, lakini haikukosa kitu.

Alituma na maneno haya: "Usisikilize wewe. Mtoto kwanza. Kisha mama yake."

Edgar alipiga video kwa simu ya Shallon, ili rekodi ichezwe kwenye yake. Kwenye kioo cha simu Ochwo alimwona mtoto akinyonya, na mkono wa Edgar ukishika kisikizi kando ya sikio dogo bila kukiingiza. Ghafla mtoto akaacha kunyonya. Macho yakasimama, kama ya mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine. Halafu akaendelea na maziwa yake.

Shallon akachukua kisikizi, akasikiliza mara tatu zote, uso umeinama.

"Awor," akasema kwa sauti.

Miaka tisa Ochwo hakuwa amelisikia jina hilo likiitwa kwa mtu aliye hai. Alisimama kibandani, maiki bado ikiwa kolani, akaitika kama walivyoitika wanaume wote wa ukoo wake, kwa kifua kizima: "Awor! Awor wangu!" Mwenye pikipiki aliyekuwa akivuka barabara akageuka kutazama nani huyo.

"Baba, polepole!" Edgar alipiga kelele kutoka Ayalandi, akisogeza simu mbali na mtoto. "Unatupasua masikio!"