Fundi aliyeharibu sakafu ya bibi, akakataa kuondoka

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanamke mmoja amepiga magoti katika sebule isiyo yake, anakwaruza sakafu aliyoimaliza mwenyewe juzi. Mkononi ana kipande cha tofali alichokiviringishia gunia. Anasugua mara tatu, anapuliza vumbi, anapitisha kiganja, anaguna, kisha anasugua tena.

"Miaka kumi na tisa watu wananilipa nilainishe," anasema bila kuinua kichwa. "Leo naparuza kwa makusudi. Makubwa haya."

Pembeni, kwenye kiti cha mbao, ameketi mwenye nyumba, bibi wa miaka sabini na sita. Miguu yake imo ndani ya beseni, na beseni halina maji. Lina unga wa chaki.

"Nisimame?" bibi anauliza.

"Bado, Mama. Nitakuita."

"Haya. Ila nikipiga chafya humu ndani tutatafutana."

Fundi anacheka mpaka anaweka tofali chini. Ni Ijumaa, na hana siku nyingine zaidi ya hii. Kesho binti wa bibi anakuja kuamua kama sakafu hii itabaki au itang'olewa yote.

Fundi huyu huweka vigae. Ana umri wa miaka arobaini na saba, watoto wawili wanaojitegemea, na magoti yanayolalamika kila anapoinuka. Wenzake wanamwita Gololi, jina ambalo hapo mwanzo lilikuwa la kumkejeli. Popote aendapo ana gololi ya kioo mfukoni. Mafundi wengine wakishaweka pima maji wameridhika. Yeye huiachia gololi yake kila kona ya bafu na kutazama inakokimbilia. Ikielekea kwenye tundu la maji, anakusanya vyombo. Ikielekea kwingine, anabomoa na kuanza upya.

Kazi alifundishwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe. "Nilikuwa nampelekea chakula cha mchana," anakumbuka. "Siku moja msaidizi wake hakutokea. Akaniambia, shemeji, hebu nishikie hapa. Sijaachia mpaka leo."

Kwa mwezi hupata kazi tatu, mwezi ukiwa mzuri nne. Hana bango wala ofisi. Karibu kila kazi huletwa na mteja aliyeridhika akamwambia jirani yake, na hapo ndipo unapoelewa kwa nini alasiri ya Alhamisi ile, wiki mbili zilizopita, ilimkata maini.

Kazi ya kuweka vigae bafuni kwa bibi ilikuwa imekwisha. Bibi mwenyewe alikuwa kliniki ya macho na bintiye. Gololi akamwaga juu ya vigae asidi iliyochanganywa na maji, ili kuondoa ukungu wa saruji, jambo alilolifanya mara mia kabla ya hapo. Kizingitini akaweka tambara nene la kuzuia maji yasitoke. Kila kona ya bafu alikuwa ameshaipima. Kizingiti hakukipima.

"Nilijiambia mlango ni mlango tu," anasema. "Kumbe mlango ndio unaoinamia sebuleni."

Alisikia kabla ya kuona. Ulikuwa mlio mwembamba, kama wa chupa ya soda inayofunguliwa. Alipogeuka, povu jeupe lilikuwa limeshapenya chini ya tambara na kuingia sebuleni, likiila sakafu nyekundu mbele ya macho yake. Akamwaga magadi yote aliyokuwa nayo ili kuizima asidi, akamwaga maji, akakausha kwa magunia. Povu lilipotulia, sakafuni ulibaki ulimi wa rangi ya majivu, mrefu kama mtu mzima aliyelala, mpana kama mlango, unaokwaruza kama msasa.

Sakafu ile si ya kawaida, na hilo alilijua. Bibi na marehemu mumewe waliimwaga wenyewe miaka thelathini na minane iliyopita, saruji iliyochanganywa na unga wa rangi nyekundu, Jumapili tatu mfululizo, kipande kwa kipande. Vipande hivyo vitatu viliacha mistari miwili ya kuungana. Kwa miaka yote bibi aliipaka nta na kuisugua kila wiki mpaka ikaiva na kuwa na wekundu mzito, karibu na ule wa maini.

Miaka minne iliyopita macho ya bibi yalianza kuzima. Leo anaona mwanga wa dirisha tu. Hata hivyo anaishi peke yake, anajipikia, anafua, na hubeba kikombe cha chai kutoka jikoni hadi kitini bila kumwaga tone. Ramani yake iko chini ya nyayo. Mstari wa kwanza, ametoka chumbani. Mstari wa pili, meza iko kulia. Ulimi wa asidi ulikuwa umemeza kipande cha mstari wa pili.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Gololi alikuwa na saa nzima, na saa nzima ni muda mrefu kwa mtu anayetafuta uongo. Alimpigia simu shemeji yake.

"Aliniambia nipake nta, nitandike mkeka juu, nichukue vyombo vyangu niondoke zangu," anasimulia. "Eti mama mwenyewe haoni. Nikamwambia, shemeji, huyu mama anatembea miguu mitupu. Nimfunikie asidi chini ya mkeka?"

Akakata simu, akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele. Gari liliposimama na bibi akashuka akiwa ameshikwa mkono, Gololi alikuwa ameshasimama njiani.

"Mama, usiingie kwanza. Nimeiharibu sakafu yako. Ni mimi, na ni kosa langu."

Bibi anakumbuka vizuri. "Niliomba nishikwe mkono hadi pale, nikainama, nikapapasa na kiganja. Nikauliza, mpaka wapi? Akasema mpaka mezani. Niseme ukweli, siku ile nilimchukia. Niliona kama amemzika mzee mara ya pili."

Binti naye hakumung'unya maneno. Ni muuguzi, amekwishapita miaka hamsini, na kwa muda mrefu alitaka mama yake ahamie kwake. "Kila wiki nawapokea wodini wazee waliovunjika nyonga," anasema. "Nikamwambia mama, basi, hii imekuwa sababu. Tunang'oa yote, tunaweka vigae, na wakati kazi inaendelea wewe unakuja kwangu."

Bibi alielewa mara moja maana ya maneno hayo. Vigae vyote vinafanana chini ya mguu. Akirudi katika nyumba yenye vigae, atakuwa mgeni humo, wa kushikwa mkono kwenda msalani. Akihamia kwa binti, hatarudi tena. Alimwomba bintiye jambo moja tu, kwamba fundi aliyeharibu apewe nafasi ya kurekebisha.

Binti akatoa siku kumi na sita.

Jumatatu iliyofuata Gololi alitakiwa kuanza kazi ya vyoo sita vya jengo la ofisi, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata mwaka huu. Aliikataa. Ikachukuliwa na fundi mwingine siku hiyo hiyo. Ukimuuliza kama iliuma, anakutazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha.

"Iliuma. Lakini ningewekaje vyoo vya watu na huku mama wa watu anaruka shimo langu?"

Akaanza kwa kuchonga sehemu iliyoungua, nusu inchi kwenda chini, na kuiosha mpaka maji yakatoka safi. Kisha ukaja mtihani wa rangi. Juu ya ubao alitengeneza vipande kumi na moja vya majaribio, kila kimoja na kipimo chake cha unga mwekundu na ncha ya kijiko ya unga mweusi, akaviandika namba. Shemeji yake alikuja kutazama, akamwita mjinga mbele ya kila mtu, kisha kesho yake akarudi na kopo kuukuu la unga mwekundu alilolihifadhi tangu ujana wake. Kipande namba tisa kilichoshinda kilitoka kwenye kopo hilo.

Alimwaga saruji, akailainisha kwa mwiko bapa wa chuma, akauchora upya mstari uliomezwa, akakimwagilia kiraka maji asubuhi na jioni kwa siku sita. Akapaka nta, akasugua. Jumatano jioni kiraka kilikuwa kinang'aa hata unaona uso wako ndani yake.

Jana, Alhamisi, bibi alikijaribu. Alitoka chumbani, akapita mstari wa kwanza bila wasiwasi. Alipokanyaga kiraka, akasimama kama aliyeitwa na mtu.

"Hapa si kwangu," akasema.

"Pamefanyaje, Mama? Pana mchanga?"

"Hapana, mwanangu. Pazuri mno. Mguu wangu haupajui."

Gololi anakiri kwamba hapo alitaka kukata tamaa. Alikuwa amefanya kazi bora kuliko zote za maisha yake, na ubora huo ndio uliokuwa kasoro. Alilala akiwaza. Asubuhi akaamka na jibu: sakafu nzima ina miaka thelathini na minane ya nyayo, na kiraka hakina hata moja. Ndiyo sababu ya chaki na tofali.

"Sasa, Mama," anaita.

Bibi anatoa miguu kwenye beseni. Anatembea kutoka chumbani hadi jikoni, anarudi, anakwenda tena. Anafanya hivyo mara sita, na kila mara nyayo nyeupe zinaangukia karibu palepale zilipoangukia mwanzo. Gololi anamfuata kwa magoti na penseli, akizizungushia mstari.

Ghafla anasimamisha penseli. Nyayo hazinyooki. Zikifika karibu na meza zinapinda kushoto, zinazunguka mahali pasipo na kitu, kisha zinarudi njiani.

"Mama, hapa unakwepa nini?"

Bibi anafikiri kidogo. "Palikuwa na kabati," anasema. "Lilitolewa mwaka aliofariki mzee. Kumbe bado nalizunguka?"

"Bado unalizunguka."

"Basi na wewe lizungushe."

Gololi anafuta machozi kwa mkono wenye vumbi, jambo ambalo hakuna fundi anayepaswa kulifanya, na dakika tano zinapotea wakimwosha jicho. Kisha anarudi kwenye tofali. Kutwa nzima anasugua panapoangukia nyayo, zaidi katikati, kidogo pembeni, akilizunguka kabati ambalo hajawahi kuliona.

Jumamosi saa nne binti anafika na boksi la sampuli za vigae kwapani. Anasimama sebuleni na viatu vyake vya kazi, anatazama chini.

"Panaonekana," anasema.

"Panaonekana, dada," Gololi anamjibu. "Sikufichi. Rangi bado changa."

"Nilisema mapema. Mimi sitaki mama aanguke."

"Wewe unaangalia," bibi anaingilia kutoka jikoni. "Mimi siangalii." Anatoka na kikombe cha chai kilichojaa hadi ukingoni. Anavuka mstari, anavuka kiraka bila kupunguza mwendo, anapinda pale panapopindwa, anaketi. Kikombe kinatua mezani na chai yake yote.

"Umeshapita?" binti anauliza.

"Nimepita nini?"

Boksi la binti bado liko kwapani. Ndipo mama yake anapomwamuru, kwa sauti aliyomlelea nayo, avue viatu, afumbe macho, na aende jikoni.

"Mama, mimi ni mtu mzima."

"Vua viatu."

Anavua. Mlangoni pa chumbani anafumba macho na kuanza kutembea, mikono mbele, hatua ndogo za woga. Baada ya mstari wa kwanza mikono inashuka. Hatua zinarefuka. Karibu na meza anapinda kushoto, anarudi njiani, na mkono wake unakwenda moja kwa moja kwenye mwimo wa mlango wa jikoni. Anabaki amesimama hapo, macho bado amefumba.

"Nimezunguka kabati," anasema polepole. Anapofumbua macho, yamejaa machozi.

Sampuli za vigae zilirudi garini. Binti anasema ataziweka kwenye veranda yake mwenyewe, na kazi hiyo amempa Gololi, aianze Jumatatu. Kwa sharti moja alilolitoa akicheka: mlangoni napo papimwe.

Mchana huo Gololi anaosha miiko yake nje, anaipanga kwenye mfuko. Ana mipango, kama mtu yeyote. Anataka kununua mashine ya kukatia vigae iliyo yake, aache kuazima ya shemeji. Lakini ukimuuliza anachotamani hasa, anageuka na kutazama ndani, kwenye ule ulimi mwekundu ambao rangi yake ni changa kidogo kuliko ya sakafu iliyobaki.

"Mguu umekubali, jicho bado," anasema. "Rangi ya namna hii huivishwa na nyayo na nta, haina njia ya mkato. Mama akiendelea kupita hapo kila siku, miaka mitatu hivi, hata mimi sitapaona. Ndiyo dua yangu."

Bibi, aliyekuwa akisikiliza kitini, anaweka kikombe kitupu mapajani.

"Miaka mitatu?" anauliza.

"Mitatu, Mama. Labda na nusu."

"Haya," anasema bibi, na kuinuka. "Ngoja nianze." Anashika njia ya jikoni kwenda kuchemsha chai nyingine.