Haifiki Thelathini

Nilimdhania Mutahi mtu wa majivuno. Kwa wiki mbili nilimwona akiuteremka mteremko wa Gakindu kwa baiskeli yake ya injini, macho yameganda kwenye kimita kidogo alichokifunga juu ya usukani. Akifika chini anageuka, anapanda, anateremka tena. Nilimwambia mke wangu, Sylvia, kwamba mwanamume wa miaka arobaini na saba, ambaye mkewe amevunjika nyonga, hana haki ya kucheza na spidi. Nilisema hivyo nikinywa chai, kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Nimefundisha Jiografia kwa miaka ishirini na mitatu, na sauti hiyo hunijia bila kuitwa.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ile nyeusi ya kubebea mizigo, ambayo fundi Peterson aliifungia injini ndogo katikati ya fremu na tangi la petroli lisilozidi ukubwa wa kibuyu. Siku za kazi Mutahi aliitumia kupeleka kahawa kiwandani. Jumapili alimbeba mkewe, Wamucii, hadi kanisani. Jumapili moja ya Aprili, wakiuteremka mteremko huo, gurudumu la mbele liliingia shimoni na Wamucii akarushwa kando ya barabara. Alipotoka hospitalini hakurudi nyumbani. Kaka yake, Waweru, alimchukua akamweka kwake Kiriaini, na tangu hapo Mutahi alikuwa akijipikia.

Siku nilipoujua ukweli nilikuwa kwenye kibanda cha Peterson, nikizibiwa pancha. Mutahi alifika na gunia la mbolea limefungwa nyuma yake kwa mipira, jembe limechomekwa juu.

"Baba Anita, leo umebeba bibi gani?" Peterson alimtania. "Huyu wa mbolea hata hashuki kusalimia watu."

"Huyu hauliziulizi maswali," Mutahi alijibu, bila kucheka.

Kisha alinigeukia, akanieleza kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

"Mwalimu, hiyo siku sikuwa na mita. Mama Anita aliniuliza hapo nyuma, 'Baba Anita, hii ni spidi gani?' Nikamwambia haifiki thelathini. Nilisema tu. Mdomo ilisema."

"Na sasa yeye anasemaje?"

"Anasema hana shida na shimo. Shimo ni ya serikali. Anataka kujua kama nilimdanganya akiwa ameshika shati yangu. Kama ilikuwa haifiki thelathini, anarudi nyumbani. Kama ilipita, ati nisimsumbue tena."

Ndiyo maana alikuwa amekwenda Karatina kununua ile mita: kioo kidogo chenye tarakimu, waya, na sumaku ya kufunga kwenye spoki. Gunia na jembe alikuwa amevipima kwenye mizani ya kiwanda hadi vikatimiza kilo sitini na nane, uzito wa Wamucii. Aliteremka akiukaza mkono wa petroli vile alivyoukaza Jumapili ile, mpaka sikio lake lilipotambua mlio wa injini kuwa ndio ule ule. Kila mara mita ilisema ishirini na nane, au ishirini na tisa.

"Basi umepata jibu," nilimwambia.

"Waweru amekataa. Anasema mita ya bei ya sukari inaweza kusema chochote. Wewe ulisoma, mwalimu. Ukiipima useme iko sawa, watakubali."

Nilikubali, na sitasema kwamba nilikubali kwa huruma pekee.

Simu yangu ingeweza kuifanya kazi hiyo. Nilimwambia Mutahi kwamba kwenye mabonde kama yetu simu hukosea, jambo ambalo lina ukweli kiasi, lakini nadhani nilitaka kazi inayoonekana kwa macho. Nyumbani kwangu, ghalani, kulikuwa na kamba ya marehemu baba ya kupandia kahawa, yenye mafundo kumi na moja, kila fundo mahali pa shimo moja. Kahawa yenyewe haikuwepo tena. Nilipokuja kujenga hapa nilikuta shamba lote ni parachichi. Lakini tangu utotoni nilijua kwamba kutoka fundo hadi fundo ni futi tisa, yaani mita mbili na sentimita sabini na nne. Nilikuwa nikiishika ncha moja ya kamba hiyo wakati baba akichimba. Kilomita moja, basi, ni nafasi mia tatu sitini na tano.

Jumamosi asubuhi tuliipima barabara tambarare inayotoka kwenye lango la kiwanda. Mutahi alishika ncha ya mbele, mimi ya nyuma, tukaweka alama ya chokaa kila kamba ilipoishia. Wanawake waliokuwa wakichambua kahawa walitoka kututazama.

"Mwalimu, mnapanda kahawa kwenye lami?" mmoja aliuliza.

"Hapo haipati ugonjwa," mwingine akamjibu, wakacheka wote.

Niliona kwamba nafasi kati ya mafundo zilikuwa fupi kuliko nilivyozikumbuka. Nikajiambia kwamba kila kitu cha utotoni huwa hivyo.

Tulipofika nafasi ya mia tatu sitini na tano nilichora mstari. Mutahi alipanda baiskeli akiwa na gunia lake, akaenda kutoka mstari hadi mstari. Mita ilionyesha sifuri nukta saba tatu. Akarudia. Sifuri nukta saba tatu. Mara ya tatu, vilevile.

Nilipiga hesabu nyuma ya karatasi ya mtihani. Ikiwa mita inaona mita mia saba na thelathini pale penye kilomita nzima, basi inapunguza zaidi ya robo, na ishirini na tisa yake kwa kweli ni karibu arobaini. Nilimwonyesha. Aliichukua karatasi.

"Arobaini," alisema.

"Karibu arobaini."

"Sawa."

Alifungua mipira, akaliteremsha gunia, akalisimamisha vizuri ukutani mwa kiwanda lisianguke.

Jumapili tulikwenda Kiriaini pamoja. Wamucii alikuwa ameketi uani juu ya kiti chenye mto, mkongojo kando yake, anatoa maharagwe kwenye maganda. Waweru alituletea viti, naye akabaki amesimama.

"Ni arobaini," Mutahi alisema kabla hata ya chai kuletwa. "Mita inadanganya. Mwalimu ameipima."

Wamucii alinitazama mimi. "Mwalimu, ni wewe umepima?"

"Ndiyo, Mama Anita."

"Na hakuna makosa?"

"Hakuna."

"Si nilisema?" Waweru alisema. "Mita ya bei ya sukari."

"Wewe nyamaza," dada yake alimwambia. Alichukua ganda jingine, akalipasua kwa kidole gumba, akatoa maharagwe manne. "Asante kwa kuniambia, Baba Anita. Si ungeniambia tu hiyo siku, nishuke nitembee."

Hakuna aliyelia. Tulikunywa chai. Wakati wa kuondoka Mutahi aliuliza kama ana dawa za kutosha, naye akasema anazo. Njiani, nakumbuka, nilikuwa nikifikiria karatasi za mtihani ambazo sikuwa nimezisahihisha.

Wiki iliyofuata Mutahi alimrudishia Peterson ile injini. Sasa huisukuma baiskeli hadi kiwandani, kahawa ikiwa nyuma. Nikikutana naye tunasalimiana, ananiuliza habari za shule, namwambia ni njema. Sylvia aliniuliza kama nilifanya vizuri kwenda naye. Nilimjibu kwamba kipimo ni kipimo.

Mwezi wa Septemba alikuja jirani yetu Wakonyo, mama wa miaka sabini na zaidi ambaye zamani alikuwa kibarua wa baba. Bei ya kahawa imepanda na watu wanapanda tena. Alitaka kuazima kamba.

"Ile ya baba yako ya mita mbili," alisema. "Bado iko?"

Nilimwambia kwamba kamba iliyopo ni ya futi tisa.

"Hapana, mwalimu. Ya futi tisa ilikuwa ya kahawa ya zamani. Huo mwaka ulienda yunivasiti, mzee aling'oa yote akapanda hii mpya, Ruiru. Ruiru inataka mita mbili. Alifungua mafundo yote hapo uani, akafunga upya. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika ile ncha ingine."

Nilikwenda ghalani na futi ya fundi seremala, nikaitandaza kamba sakafuni. Kutoka fundo hadi fundo ni mita mbili kamili. Mita mbili mara mia tatu sitini na tano ni mita mia saba na thelathini.