Mchanga Kwenye Ungo

Nyumbani kwetu, Tabora mjini, hatukuumbwa wepesi wa kuamini. Jirani akituletea asali bila sababu, mama aliiweka kando mpaka ajue mwenzake ana shida gani. Ni miaka ile ya Ujamaa, watu wakiitana ndugu barabarani, lakini undugu wetu uliishia mlangoni. Kwa hiyo mwalimu mgeni alipomwambia baba kwamba atanifundisha peke yangu kila alasiri, bila malipo, baba aliitikia kwa mdomo tu. Jioni akamwuliza mama, "Huyu anataka nini kwetu?"

Nilikuwa darasa la tatu na sijui kusoma. Sikuwa zuzu. Hadithi nikiisikia mara moja niliisimulia yote, na vikohozi vya msimuliaji ndani yake. Ila herufi hazikutulia: niliyoiona jana imetazama huku, leo imetazama kule. Mwalimu wa kwanza alinichapa, wa pili akaniketisha nyuma kabisa, na wenzangu wakaniita gogo. Baba alikwishakata shauri. Nisipojua kusoma kufikia likizo, ningepelekwa kijijini Usinge kwa shangazi, nikamlelee watoto na kufunga tumbaku, na shule iwe basi. Niliiogopa Usinge kuliko viboko.

Huyo mwalimu mgeni alikuwa binti mdogo wa kutoka Moshi. Nilimshuku hata mimi, kwa sababu hakupiga. Mtu asiyepiga, nilijiambia, ana lake jambo. Nyumbani kwake alichukua ungo, akamwaga mchanga laini, akausawazisha kwa kiganja. Akanishika kidole cha shahada, tukaburuza herufi moja, kubwa, huku tukiitamka. Akafuta, tukaanza upya. Alasiri nzima herufi ile ile.

"Macho yako yanakudanganya," alisema. "Tuuulize mkono."

Nilimsimulia mama kwa kujisifu. Akaacha kuchambua mchele.

"Ungo?"

"Ndiyo."

"Na mchanga?"

"Ndiyo."

"Anachora, halafu anafuta?"

Nilipoitikia tena, uso wake ulikuwa umebadilika. Mjini kwetu mtu anayechora mchangani anajulikana: anapiga ramli. Na wachawi wanasafiria nini, hata mtoto wa kunyonya angekuambia ni ungo. Mwalimu angechukua sinia, maskini, pengine angesalimika.

Kesho yake baba, aliyekuwa seremala, aliweka randa chini akanifuata kwa mwalimu. Alipiga hodi ya ugomvi.

"Shikamoo, mzee," mwalimu alisema.

"Marahaba. Nimekuja kumchukua mwanangu. Hiyo ramli yako kawapigie watoto wa kwenu."

Mwalimu hakuelewa kwanza. Alipoelewa akacheka, na hapo akaharibu. Baba alinishika mkono tuondoke. Mwalimu akauweka ungo miguuni pa baba.

"Basi andika mwenyewe, mzee. Neno lolote. Kama ni ramli, utaona."

Baba aliangalia mlango. Alikuwa amehifadhi juzuu nyingi za Kurani kwa masikio tu, na akizisoma watu hulia, lakini kisomo cha watu wazima hakukikanyaga hata siku moja. Mara mgongo, mara kazi za watu. Balozi wa nyumba kumi akija kumwuliza, yeye hutokea mlango wa uani. Nilidhani ni kiburi. Sasa akachutama, akaandika taratibu kwa herufi chache alizojiokotea kazini, midomo ikimcheza.

"Nimeandika baba," akasema.

Nilichungulia. Ilikuwa sawa kabisa, na nilifurahi kuweza kuisoma. Mwalimu naye akachutama.

"Mzee, hapa pameandikwa dada."

"Mimi naona baba."

"Hata mimi," nikasema.

Baba aligeuka akanikazia macho, nikadhani kofi linakuja. "Hata wewe?"

"Ndiyo, baba."

Akakaa chini, pale pale sakafuni. Sikuwahi kumwona akiona haya, na nilimwonea huruma.

"Chuoni, nilikosomeshwa Kurani, mwalimu wangu alinifunga kamba mguuni," alisema. "Alisema nina shetani wa uvivu."

"Hakuna shetani, mzee. Kaka yangu yuko hivyo hivyo. Tulimfundisha kwa mchanga."

Baba alimtazama sana. Bado alikuwa akimpima; tabia ya kwetu haiponi kwa siku moja.

"Utamchapa?"

"Sitamchapa."

"Basi mfundishe. Nitakaa hapa nikuangalie."

Akakaa mpaka somo likaisha, bila kukohoa.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani akasema, "Shangazi yako atafute mlezi mwingine." Tukaenda kidogo. "Na mama yako mwambie si ramli. Hilo lingine usimwambie."

Sikumwambia. Mama amekufa akiamini kwamba mumewe hakwenda kisomo kwa sababu ya mgongo.