Jina la Mtu wa Ugiriki

Enzi zetu kule Mugango, na nyie wa rika langu mtanisahihisha, mtoto mchanga akilia kupita kiasi hakukimbiziwa dawa kwanza. Aliitiwa majina. Wazee walikaa mkekani, mtoto katikati, wakawataja wafu wa ukoo mmoja mmoja, taratibu, kama watu wanaobisha hodi. Jina ambalo mtoto angenyamazia, basi huyo ndiye aliyekuwa anataka kurudi nyumbani, na jina likawa lake. Mimi inasemekana nililia mpaka sauti ikakauka, wakafika kwa Nyamisi, mama mzazi wa bibi yangu, nikanyamaza. Tangu hapo Bibi aliniita "mama." Kikongwe mzima ananitazama mimi mwenye kamasi anasema, "Mama, niletee maji ya kunywa," nami naenda kwa maringo.

Tulikuwa Wakristo, tena wa kwenda kanisani kila Jumapili. Bibi hakuona ugomvi wowote. Alisema Padri ana watakatifu wake na yeye ana wa kwake, na wote wamekufa, kwa hiyo watakuwa wanajuana huko waliko.

Shule yetu ilikuwa juu kidogo ya ziwa. Tuliondoka asubuhi na kiazi cha jana mkononi, miguu mitupu, umande unawasha kwenye mikwaruzo. Kengele ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Mchana tulirudi kwenye ugali wa muhogo na furu wa kukaanga, wale samaki wadogo unaowatafuna na mifupa yao, na aliyechelewa alikuta mchuzi mtupu. Mtoto wa siku hizi ukimwekea samaki mwenye kichwa anauliza kama hakuna soseji.

Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, Mwalimu Bwire alifunga kitabu cha Kiingereza na kutusimulia miungu na mashujaa wa Ugiriki ya kale. Alitokea Butiama, alikuwa amesoma seminari akaishia njiani, na hadithi hizo ndizo alizotoka nazo. Hazikuwa kwenye mtihani wowote. Alizisimulia kwa sauti ya chini, tukasogeza madawati wenyewe bila kuambiwa. Zeu mwenye radi tulimwelewa bila shida, maana radi za kwetu mnazijua. Yule wa majini mwenye chusa cha meno matatu tulimwelewa zaidi, wengine wakadai baba zao walishamkwepa ng'ambo ya mawe. Ila aliyetunyima raha ni mzee wa mtumbwi, yule anayewavusha wafu kwenye mto usio na kelele, asiyezungumza na mtu, anayejua tu nani zamu yake.

Tangu siku hiyo ziwa likabadilika. Mnayajua yale mawingu ya wadudu yanayopanda kutoka majini, marefu, meusi, ukiwa mbali unadhani kuna moshi? Zamani tuliyaona ya kawaida. Sasa tukaambiana ni moshi wa jikoni kwa wafu, wanapika. Mchana kweupe, saa ile ziwa limelala na hata kunguru hasemi, hakuna aliyekubali kwenda kuchota maji peke yake. Tulicheza miungu uwanjani, kila mtu akagombania radi, lakini nafasi ya mzee wa mtumbwi ilikosa mtu, na mtoto aliyelazimishwa kuishika alilia kweli.

Ndipo akazaliwa mdogo wangu. Alilia. Manesi wakasema tumbo, mama akapewa chupa ya dawa, mtoto akanywa na bado akalia. Bibi akatandika mkeka. Waliitwa wa upande wa baba, wakaitwa wa upande wa mama, wakaitwa hata wale waliokufa wakiwa na ugomvi na ukoo. Majina yakaisha. Sijawahi kuona wazee wametazamana vile, mtoto analia katikati yao na hawana tena wa kumtaja.

Alasiri moja alikuwa mgongoni kwangu, namrusharusha uani, nimeishiwa nyimbo. Nikaanza kumtajia wale wa Mwalimu Bwire, mmoja mmoja, ilimradi nitaje. Nilipofika kwa Akile, yule shujaa aliyewashinda wote vitani, mtoto akanyamaza ghafla, kama chungu kilichoepuliwa. Nilihisi shingo yake imeinuka nyuma yangu, anasikiliza.

Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena. Kimya.

"Alikufaga huyo?"

"Alikufa, Bibi."

"Kazikwa wapi?"

"Ugiriki."

Bibi sikio lake moja lilikuwa zito. Alisikia Ukerewe, kile kisiwa cha ng'ambo. Akakaa chini palepale kwenye vumbi, akashika kichwa. Kulikuwa na mtu, akasema, kaka wa babu yake baba yangu, alipanda mtumbwi kwenda Ukerewe kutafuta mke asirudi. Mwili haukuonekana, kaburi hakuna, na waliolijua jina lake walikufa nalo. Ndiyo maana walimwita kila mtu wakamkosa. Nikajaribu kumwambia si Ukerewe, ni Ugiriki, mbali sana, nchi ya wazungu. "Ndo huko huko," akajibu, na machozi yanamtoka. "Alikufaje?"

"Hatujafika hapo, Bibi. Mwalimu atamalizia Ijumaa."

Kanisani mtoto akabatizwa Yohana. Nyumbani akawa Akile, na hakulia tena.

Ijumaa ikafika. Mwalimu Bwire akasimulia kwamba mama yake Akile alikuwa mungu wa majini. Alimchukua mtoto akamtumbukiza kwenye mto wa wafu ili silaha isimwingie, akiwa amemshika kisigino. Mwili wote ukapata kinga, kisigino kikabaki kikavu. Mshale ukaja kupita hapo hapo. Darasa zima lilishangilia, maana ilikuwa hadithi nzuri. Mimi nilikuwa nimeshatoka mlangoni.

Nilishuka mbio mpaka kwenye mawe ya ziwani. Bibi alikuwa anamwogesha. Alikuwa amemnyanyua juu ya maji, kichwa chini, amemshika kisigino kimoja, na nywele za mtoto zinachuruzika. Kila mama wa kwetu anamnyoosha mtoto hivyo baada ya kuoga. Nilikuwa nimeona mara nyingi nikiwa na akili zangu timamu. Siku hiyo ziwa lilikuwa limelala kabisa, ule moshi umesimama kwa mbali, na mtoto halii. Ananitazama tu kichwa chini.

Nilimweleza Bibi yote hapo hapo, huku napumua kwa shida. Alisikiliza mpaka mwisho, akamfunga mtoto kwenye kanga, akauliza swali moja.

"Kisigino kipi?"

Jumatatu nikamuuliza Mwalimu. Alicheka, akasema hadithi haisemi.

Kwa hiyo tukalinda vyote viwili. Jina halivuliwi kama shati, Bibi alisema. Ukimnyang'anya mfu jina anakuja kulidai kwa mwenye nalo. Akile alipoanza kutembea, Bibi akamshoneshea katambuga, vile viatu vya tairi la gari, vyenye ukanda mpana nyuma. Mdogo wangu ndiye mtoto pekee kijijini aliyekuwa anacheza mpira na viatu, anaogelea na viatu, wenzake wakimwita Bwana Tairi. Alilalamika sana. Mimi nilikuwa polisi wake, na fimbo nilikuwa nayo.

Lakini mtoto wa kiume na ziwa, utamfunga? Siku moja, tayari yuko darasa la kwanza, alivua viatu akaviacha juu ya jiwe, akaenda kusaidia kusukuma mtumbwi. Wavuvi walikuwa wametupa gogogo mchangani, yule samaki mwenye miiba mitatu, ambaye ukimtoa majini analia kwa sauti ya mlango mbovu. Nilikuwa naosha vyombo pembeni. Nilimsikia samaki kwanza, ndipo nikamsikia Akile.

Mwiba uliingia kisigino cha kushoto. Mguu ulivimba mpaka goti likapotea. Tukampeleka Musoma kwa boti, tukashukia ufukweni Mwigobero, baba amembeba mpaka hospitali, mimi na Bibi nyuma tukiwa na sufuria, shuka na katambuga zake. Daktari alisema maneno mengi kwa baba kwenye korido, baba akarudi ameyameza. Nilielewa tu kwamba huenda wakaukata mguu, na kwamba huenda kuukata kusisaidie.

Mchana wodini, watu wanakula, jua limejaa dirishani, Akile alifumbua macho akaniuliza, "Yule mtu wa mtumbwi anasubiri nini?"

"Mtu gani?"

"Huyo nyuma yako. Analijua jina langu."

Hatujawahi kumsimulia. Naapa, nyumbani kwetu hadithi ya mzee wa mtumbwi ilikuwa mwiko tangu ile siku ya mawe. Sikugeuka. Mpaka leo sijui kama ningegeuka ningeona nini, na bado nikikaa karibu na dirisha mgongo unanisisimka.

 Bibi aliinama chini ya kitanda, akachukua katambuga za Akile, akanishika mkono. Tulirudi mpaka Mwigobero, sokoni, katikati ya wanawake wanaoanika dagaa na mabishano ya bei. Akaingia majini na gauni lake mpaka magotini. Akaita kwa sauti ya mtu anayemwita jirani.

"Wewe uliyepotelea Ukerewe. Jina tulikupa. Mtoto hatukukupa."

Wale wanawake waliacha kubishana. Bibi akatupa viatu, kimoja kimoja. Cha kulia kilizama kama inavyotakiwa tairi lizame. Cha kushoto kilielea. Kikakaa kidogo pale, kisha kikaanza kuondoka kuelekea katikati ya ziwa, polepole, na upepo ulikuwa unatupiga usoni, unatoka ziwani kuja nchi kavu. Tukakitazama mpaka macho yakachoka.

Tulipofika wodini Akile alikuwa anaomba uji. Mguu haukukatwa. Anachechemea mpaka leo, kisigino cha kushoto hakigusi chini sawasawa.

Miaka ikapita, Bibi akazeeka mpaka akawa mwepesi. Kabla hajaondoka aliniita akaniambia, "Mama, nikirudi msichelewe kunitaja. Nitalia kidogo tu, mimi si mtu wa makelele." Nilicheka na kulia kwa pamoja. Nilimwahidi.

Leo Akile ni babu. Ana karakana ya kuchomelea vyuma pale Bunda, na joto lote lile la Bunda havui mabuti. Nilienda kumtembelea mwezi uliopita. Mjukuu wake mkubwa, mwenye nywele zilizokatwa utadhani panya wamekula upande mmoja, alinieleza habari za Zeu kwa mapana na marefu. Zeu yumo kwenye mchezo wa simu yake, anampiganisha na wenzake kwa kidole gumba. Nikamuuliza jina la babu ya babu yake. Akaniambia hilo hajalikuta. Nikamwambia sisi miungu hiyo tuliiogopa mpaka maji ya kunywa yakatushinda kuchota, yeye anaicheza huku anakula chipsi. Akacheka, na mimi nikacheka, maana ni mtoto mzuri.

Neema, binti mdogo wa Akile, alikuwa amejifungua. Jina la mtoto walishalichagua mtandaoni kabla hajazaliwa, jina zuri nadhani, ila ulimi wangu haujalizoea. Tulikuwa tumekaa sebuleni, mchana, feni inazunguka. Mtoto akaanza kulia. Kilio cha chini chini, cha adabu. Nikainuka, jina la Bibi limeshafika mdomoni, hata nimevuta pumzi.

"Kaa tu, Shangazi, usihangaike," Neema akasema kwa upole, akamwekea simu mbele ya uso. Wanyama wa rangi rangi wakaanza kuimba. Mtoto akanyamaza.

Akile akanitazama, kisha akatazama buti lake la kushoto. Wanyama wakaendelea kuimba. Nikakaa na lile jina mdomoni, nikijiambia nitalitaja atakapolia tena, nikasubiri mpaka gari la mwisho la Musoma. Hakulia tena. Alikuwa amelia kidogo tu.