Jumatatu Ataapa kwa Ajili Yangu

Admin, nifichie jina, tafadhali. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na nne, nasomea udaktari mwaka wa nne. Kwa sasa niko Bagamoyo kwa mafunzo katika hospitali moja, nimepanga chumba Dunda. Wiki ya pili hii chakula hakipiti, kukaa siwezi, kusoma siwezi.

Chuo kilitupanga wodi ya wazazi tujifunze kwa manesi. Nikapewa nesi mtu mzima, makamo ya mama yangu, wote tunamwita Bi Mkubwa. Alinifundisha kwamba mzazi akishajifungua, kila robo saa umpime presha, umshike tumbo, kisha upitishe mkono chini ya kiuno, maana damu hujikusanya huko na kwa juu ukaona shwari. Nilimwitikia kwa adabu, lakini nisiwadanganye, nilikuwa na kiburi. Nilijiambia sikusomea udaktari nije kufanya kazi za manesi.

Asubuhi moja akaniachia mzazi, yeye akaenda kumzalisha mwingine. Nilimpima mara moja tu. Vipimo vilivyobaki nilivijaza kwenye karatasi yake kwa kukisia, nimekaa nachati. Bi Mkubwa aliporudi akasaini karatasi kwa kuniamini, ndipo akamwendea mgonjwa. Alipopitisha mkono chini ya kiuno, ulitoka umelowa damu.

Alhamdulillahi yule dada yu hai, ila ametolewa kizazi, na huyo ndiye mtoto wake wa kwanza.

Bi Mkubwa aliniita pembeni. "Mwanangu, ulimpima au hukumpima?"

"Nilimpima, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi wodini.

Sasa lawama zote ziko kwake kwa sababu saini ni yake. Jumatatu anaitwa kikaoni na anaweza kufukuzwa kazi, naye amebakiza miaka miwili astaafu. Jana nilimwamkia, akaitikia marahaba yake kama kawaida, akaniambia nisiogope, nisome.

"Nitawaambia ulipima. Wakitaka nishike msahafu, nitashika."

Nikisema ukweli naweza kufukuzwa chuo, na nyumbani Vigwaza wameshaanza kuniita daktari. Nikinyamaza, mama wa watu ataapa juu ya uongo wangu bila kujua. Nimefika mlangoni kwake mara mbili, nikageuza.

Leo ni Ijumaa. Ndugu zangu, naombeni mnisaidie mawazo: nianzie wapi kumwambia, kabla hajaushika huo msahafu?